Karavani Iliyooshwa Miguu

Kutoka mtaa wa Kaloleni mpaka Tassia, ukiuliza habari ya beringi za magurudumu, watu wanakuonyesha mahali ninapokaa. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Sawa, ni kwa kujisifu kidogo, lakini nitajieni mtu wa kunipinga.

Siku niliyokabidhi funguo za gereji, nyinyi vijana mliniambia, "Buda, tuandikie hizo stori, usiende nazo." Basi nimeandika. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hivyo mkiona koma imekaa pabaya, iacheni hapo hapo. Koma haijawahi kuangusha trela barabarani. Mambo ya pesa sitayagusa. Aliyenilipa na aliyenihepa wanajijua. Mimi nitasema kazi.

Nilianzia Kaloleni, nyuma ya zile nyumba za zamani, kwa Mzee Kilonzo. Alikuwa amefanya kazi ya reli mpaka wakamwachisha kwa umri, Mkamba mrefu wa maneno machache, na kila mtu alimwogopa isipokuwa paka wake. Mimi nilikuwa nimetoka Murang'a na mashati mawili na mdomo mkubwa. Nikamwambia naweza kufungua injini yoyote atakayoniletea. Alinipa beringi moja chafu, kopo la mafuta ya taa na mswaki ulioisha meno.

"Osha."

Nikaosha. Akaichukua, akaizungusha karibu na sikio lake.

"Hii haijaoga. Imenawa uso tu."

Nikaosha tena. Akasikiliza tena, akatikisa kichwa. Mpaka wenzangu wanafunga kazi mimi bado nilikuwa nasugua, na zile injini zangu zote nilizojisifia sijaziona hata moja. Kesho yake nilirudi. Nadhani hapo ndipo aliponiajiri, ingawa hakuwahi kusema.

Mzee ndiye aliyenifundisha kwamba gari lina mdomo lakini trela ni bubu. Gari likiumwa litapiga kelele, litatoa moshi, litakataa kuwaka, na dereva amekaa juu yake anasikia. Trela iko nyuma. Beringi yake inaweza kulia njia nzima na dereva anasikiza redio. Kwa hivyo trela lazima uiulize mwenyewe. Unasimama njiani, unashuka, unaenda kwa kila gurudumu, unaweka mkono kwenye habu, pale katikati gurudumu linaposhikana na ekseli. Vuguvugu ni sawa. Ukiutoa mkono kwa haraka, kuna ugonjwa. Na mkono wenyewe ni upande wa nyuma, si kiganja. Nilimuuliza kwa nini.

"Ukiungua kiganja, kesho utashika spana na nini?" akaniambia. "Na meno?"

Alipozeeka akarudi kwao Kitui, na akaniachia jiriwa yake, ile ile mnayobania vyuma mpaka leo na kuiita ya gereji. Si ya gereji. Ni ya Mzee Kilonzo, nami nimewaazima.

Nilihamia Tassia wakati ghorofa za mtaa wa Pipeline zilikuwa zinaota kama uyoga. Watu walikuwa wengi kuliko kazi, kwa hivyo kila mtu alijitengenezea ya kwake, na kazi nyingi zilikuja na magurudumu: trela za maji, trela za viti na hema za mazishi, vibanda vya chipsi vya kukokotwa. Mafundi wote waling'ang'ania injini kwa sababu injini ina heshima. Mimi nikachukua magurudumu ambayo hakuna aliyeyataka. Wakanicheka. Baadaye wakaanza kunitumia wateja, na mwishowe wakaanza kunitumia magari yao wenyewe jioni, wakidhani sitayatambua.

Nimeona mengi. Mmoja wa chipsi alijaza habu mafuta ya kupikia, akisema mafuta ni mafuta. Trela ilinukia mandazi kutoka hapa mpaka Mlolongo, ikafia pale, na mbwa wakaizunguka. Mwingine alifunga nati kwa nguvu zake zote kwa sababu alikuwa mnyanyua vyuma. Beringi haitaki mwanaume. Inataka mtu. Unakaza nati huku unazungusha gurudumu mpaka liwe zito kidogo, unalegeza, halafu unarudisha kwa vidole tu, vidole peke yake, ndipo unaweka pini. Grisi unaisukuma kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili kati ya kila gololi, kama unga ukitoka kwenye ngumi ya mama anayekanda chapati. Na sili, ule mpira wa nyuma unaozuia uchafu, hurudishi wa zamani hata ukiwa unang'aa. Nimewaambia haya mara nyingi. Naandika ili msiseme hamkuambiwa.

Sasa niwape kesi iliyotaka kunimaliza.

Kuna kanisa moja pale Tassia, la mabati wakati huo, ambalo lilipata karavani. Karavani kabisa, nyumba ya kukokotwa, yenye vitanda viwili, jiko na kidirisha chenye pazia la maua. Mzungu mmoja aliyekuwa akihama nchi aliwaachia. Walikuwa wanaivuta na pikapu kwenda kwenye mikutano ya injili huko Makueni, Mwingi, Kitui. Mchungaji analala ndani, spika zinapanda ndani, na sufuria za akina mama zinajaa mpaka mlangoni. Dereva alikuwa Shemasi Mutiso, mtu mwoga kidogo na msafi sana. Aliniletea karavani niiangalie miguu. Nikaiweka jeki, nikafungua, nikatoa beringi za zamani zilizokuwa zimeoza, nikafunga mpya, za maana, kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Shemasi, hizi utanizika kabla hujazibadilisha."

Safari ya kwanza ilienda vizuri. Safari ya pili, wakati wa kwenda, habu ya kushoto ikaanza kuvuta moshi. Wakamaliza njia kwa kutambaa.

Nilipofungua sikuamini. Grisi yangu, ambayo niliiweka nyekundu kama nyanya, ilikuwa imekuwa nyeupe kama uji. Na chini ya ule uji, kutu. Grisi ikiwa nyeupe ni maji. Hakuna jibu lingine.

"Mlivuka mto?" nikamuuliza Mutiso.

"Mto gani, fundi? Kule watu wanachota maji na punda. Hata sisi tulienda na mitungi."

"Mvua?"

"Ingenyesha tungesema maombi yamejibiwa."

Mnaona? Karavani imetoka mahali pakavu kama biskuti, na habu imejaa maji. Nikasema ni sili. Nikatafuta sili nzuri kuliko zote, nikabadilisha beringi zote za pande zote, nikafunga upya. Ikaenda, ikarudi. Safari iliyofuata, ikala tena.

Mara ya tatu ndiyo sitaki kuikumbuka, lakini itabidi. Mutiso alikuwa anateremka mlima, polepole kama kawaida yake, akaona gurudumu linampita upande wa kulia. Peke yake. Likiwa na haraka. Aliniambia alisema moyoni, "Maskini, kuna mtu amepoteza gurudumu." Halafu akasikia karavani inaburuza chuma kwenye lami. Lile gurudumu liliruka mtaro, likapita katikati ya mama aliyekuwa akiuza maembe na mtoto wake, likaingia kwenye shamba la mtama na kulala. Hakuna aliyeguswa. Yule mama alikaa chini, akamshika mtoto, na hakuuza embe tena siku ile.

Mutiso aliponieleza hayo sikula chakula cha mchana. Na mimi nikikosa kula, mke wangu huita watu.

Basi habari ikazunguka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi anaitwa Kamande, ambaye alikuwa akingoja nianguke tangu siku niliyofungua. Alisimama mlangoni kwake akinitazama, mikono mfukoni.

"Niaje, Daktari wa Beringi! Nasikia wagonjwa wako wanakimbia wenyewe siku hizi!"

Vijana wake wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu ilikuwa nzuri, kisha nikaingia ndani. Nyinyi mnajua fundi wa huku hana cheti ukutani. Ana jina. Jina likisemwa vibaya katika kanisa moja, Jumapili ijayo limefika makanisa yote.

Mutiso akaja na maneno ya wazee wa kanisa. Hakuweza kunitazama. "Fundi, wanasema unaweka beringi za bandia. Mimi nimekutetea. Lakini wanasema hii ya sasa ndiyo ya mwisho. Ikiharibika tena, karavani inaenda kwa Kamande, na watatangaza kwa nini."

"Watatangaza wapi?"

"Kwa spika, fundi."

Nilizijua zile spika. Nilikuwa nazisikia nikiwa nyumbani, dirisha limefungwa.

Nilimwambia aache karavani kwangu. Nikafunga upya kila kitu, lakini safari hii sikuridhika na kufunga. Mzee Kilonzo alikuwa akisema chombo kikikurudia mara mbili, acha kukitazama ndani, kitazame nje. Nikavuta kiti nikakaa mbele ya ile karavani na chai yangu, nikaitazama kama polisi anavyomtazama mwizi. Vumbi kila mahali. Vumbi jekundu la Ukambani kwenye bati, kwenye kidirisha, mpaka kwenye pazia. Ungeweza kupanda mahindi. Halafu nikatazama magurudumu.

Safi. Yanang'aa. Hata kwenye vijitundu vya rimu hakukuwa na chembe ya udongo. Mwili una vumbi la safari nzima, miguu imetakata.

"Shemasi, nani huosha magurudumu?"

"Ah, hao ni akina mama. Tukirudi."

"Mkirudi lini? Kesho yake?"

"Hapana, saa ile ile tukiingia. Ni ibada yao."

Nikamwambia tu kwamba siku watakaporudi nitakuwa kanisani nikiwangoja, na akashangaa sana, maana kwa mwaka mzima hajawahi kuniona kanisani.

Siku hiyo nilifika mapema na suti yangu. Karavani ikaingia langoni alasiri, jua kali, pikapu ikihema. Wakati huo huo wakatoka akina mama wa kanisa, wamejifunga leso sawasawa, kila mmoja na karai la maji kichwani. Mbele yao alikuwa Mama Mwikali, mwenyekiti wao, mwanamke mpana mwenye sauti ambayo haihitaji spika. Wanaimba. Wanapiga magoti kando ya magurudumu, na wimbo wenyewe unasema, heri miguu ya wanaoleta habari njema. Ni kitu kizuri, nawaambia ukweli.

Halafu Mama Mwikali akainua karai, akamwaga maji baridi juu ya habu iliyopashwa moto na breki njia nzima.

Ikalia. *Tssss.* Moshi mweupe ukapanda mpaka kwenye leso yake. Akina mama wakapiga vigelegele. Walikuwa wakidhani ni baraka.

Nikapiga kelele, "Simamisheni!"

Wimbo ukakatika. Kila mtu alinitazama, na Mutiso akajificha nyuma ya mlango wa pikapu, naapa alijificha.

Mama Mwikali alisimama polepole, goti moja kisha la pili. "Wewe ndiye yule fundi wa magurudumu yanayokimbia?"

"Ndimi, Mama."

"Na umekuja kwa nyumba ya Mungu kukataza watu kuosha miguu?"

Hapo, vijana, mdomo wangu wote mkubwa uliisha. Ningeweza kumwambia yeye ndiye aliyekuwa akiua beringi zangu. Ilikuwa kweli, na nilikuwa na haki, na spika zilikuwa pale pale. Lakini nilimtazama mkono wake. Ulikuwa umeshika karai kwa uangalifu kama nilivyokuwa nikishika beringi kwa Mzee Kilonzo, na nikajua kwamba nikimwaibisha huyu mama mbele ya wenzake, jina langu litapona na huyu hataosha kitu tena.

Nikasema, "Mama, wewe ndiye unayepika kwenye mikutano?"

"Mimi. Kwani?"

"Ukitoa sufuria jikoni imefunikwa vizuri, na sufuria yenyewe ni moto, ukaiweka kwenye maji baridi. Kifuniko kinafanya nini?"

Akafikiri. Akina mama nyuma yake wakaanza kunong'ona.

"Kinashika," akasema. "Kinanyonywa ndani. Unakivuta hakitoki."

"Kinanyonywa na nini?"

"Na... si ni ile hewa ya ndani imepoa." Akatazama habu iliyokuwa bado inatoa moshi. Akatazama karai. Kisha akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Na hiki, kifuniko chake ni cha chuma?"

"Ni mpira tu, Mama, uko nyuma. Kwa hivyo ndani kukipoa, kinanyonya maji."

Mama Mwikali aliweka karai chini. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Aligeukia akina mama wake.

"Mmesikia? Tumekuwa tukinywesha karavani maji kwa mgongo." Mmoja akacheka, halafu wote wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha ghafla. "Na yule mama wa maembe?"

Akanigeukia. "Fundi, kuosha hatuachi. Hii ibada niliianza mimi, na nitaimaliza nikifa."

"Sijasema muache. Ngojeni ipoe."

"Nitajuaje imepoa?"

Nikamwonyesha. Nikapiga goti na suti yangu, nikaweka nyuma ya mkono kwenye habu. Nikamwambia, hivi, si kiganja. Akauliza kwa nini si kiganja, nikamwambia, "Ukiungua kiganja, kesho utashika mwiko na nini?" Akanitazama, akacheka tena, akaweka mkono wake kando ya wangu.

"Bado moto," akasema. Akasimama, akawapigia makofi wenzake. "Haya! Tuimbe kwanza!"

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku ile. Karavani ikiingia, wanaiimbia mpaka magurudumu yapoe, na Mama Mwikali anaweka mkono wa nyuma kwenye kila habu kabla ya kuruhusu tone la maji. Nasikia ibada zao za kurudi ni ndefu kuliko za Jumapili, na mchungaji analalamika njaa. Sio shida yangu. Zile habu nilizifungua jioni ile ile, nikazikausha, nikaweka grisi upya, na safari iliyofuata nilipozifungua kwa ukaguzi, grisi ilikuwa nyekundu kama nilivyoiacha. Sijawahi kuiona nyeupe tena. Karavani hiyo ingali inaenda Ukambani. Spika zilitangaza, ndiyo, lakini zilitangaza jina langu na mahali pa gereji, na Kamande alizisikia kwa sababu naye hana dirisha la kuzuia. Miaka michache baadaye alivuka barabara akaniletea trela ya shemeji yake. Nilimtengenezea vizuri. Nilimchelewesha kidogo, lakini vizuri.

Mafundi wa injini watawaambia kazi ni kujua mashine. Mashine hata mimi nilijifunza. Lakini kesi ile haikuwa ndani ya habu, na ningekaa na bisibisi mpaka leo nikibadilisha sili. Kila chombo kinachokurudia, uliza kinalala wapi, nani anakishika, na anakishika kwa upendo gani. Mara nyingi kinachokiua ni upendo.

Sasa magoti yangu hayataki tena kushuka chini ya trela. Yanashuka, lakini hayataki kupanda. Ndiyo sababu nimeacha nikiwa bado na meno yote na jina lote. Mlikuwepo siku ya mwisho, lakini wengine mlikuwa mmeenda kununua soda, kwa hivyo niwaambie mlichokosa.

Nilikuwa nimefunga habu yangu ya mwisho, nimekaa kwenye ekseli ya zamani pale mlangoni, bado na viatu vya kazi, vile vya chuma mbele, nilivyokuwa navyo tangu asubuhi kwenye lile jua. Nikasikia wimbo. Akina mama wakatokea kwenye kona, leso zimefungwa, makarai kichwani, na mbele yao Mama Mwikali, mvi sasa, anatembea na fimbo. Kamande akatoka mlangoni kwake akaona, akavua kofia.

Nikasema, "Mama, hapana. Mimi si mchungaji."

"Nyamaza. Toa viatu."

Nikatoa. Nyinyi mnajua miguu ya fundi ikitoka kwenye kiatu cha chuma alasiri. Sitaeleza. Macho yangu yalikuwa na maji kidogo, ni yale mafuta ya taa, nilikuwa nimetoka kuosha beringi. Mama Mwikali akapiga goti, akashika karai, nikafumba macho nikingoja maji.

Hayakuja. Nikahisi kitu kimegusa mguu wangu. Nikafumbua. Ulikuwa mkono wake, upande wa nyuma, umetulia juu ya mguu, na yeye ameinamisha kichwa kama anayesikiliza.

Akawageukia wenzake.

"Bado moto," akasema. "Tuimbe kwanza."

Wakaimba. Na mimi nikakaa pale kwenye ekseli, viatu kando, nikapoa.